Toleo la Zamani Bado Linafunguka, Nisasishe la Nini?

Safu ya mwezi huu nimeitoa yote kwa Tor, mtandao wa kuficha unakotoka na unakokwenda kwenye intaneti, na kivinjari chake Tor Browser, kwa sababu barua nne zimenifikia kutoka Lamu na Malindi zikigusa jambo hilohilo kwa njia tofauti.

Assalam aleikum, Fundi. Mimi ni mwandishi wa redio hapa Lamu, naishi Mkomani. Huzungumza na wavuvi na wenye mashamba kuhusu mambo ya bandari, na baadhi yao hawataki kabisa wajulikane. Kwa hivyo hutumia Tor Browser kwenye laptopu yangu ya Windows 7. Kila nikiifungua huniambia nisasishe, nami hupitisha, maana bando ni ghali na toleo nililonalo linafunguka vizuri tu. Tena mwenzangu kazini amenambia kwamba masasisho ndiyo mlango wanaopitia wakubwa kuingia kwenye kompyuta ya mtu. Nishike lipi?

Waaleikum salam, mwanangu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu ukiteleza wewe anayeumia si wewe. Ni yule mvuvi aliyekaa nawe barazani akakupa habari kwa kuamini kwamba jina lake halitatoka.

Kwa wasomaji wasioijua Tor, ni hivi. Ukifungua tovuti kwa kivinjari cha kawaida, kampuni inayokuuzia intaneti inaona unakokwenda, na tovuti inaona unakotoka. Tor hupitisha mawasiliano yako kwenye vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea sehemu mbalimbali za dunia, na kila kituo kinafungua tabaka lake moja tu la usimbaji, yaani maandishi yaliyofungwa yasisomeke. Cha kwanza kinakujua wewe ila hakijui unakokwenda. Cha mwisho kinajua uendako ila hakikujui wewe. Cha kati hakijui hili wala lile. Fikra hiyo ilianzia kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990, na tangu 2006 inasimamiwa na shirika lisilo la kibiashara linaloitwa Tor Project. Msimbo wake uko wazi, anayetaka kuusoma ausome.

Sasa turudi kwako. Kwamba toleo lako linafunguka, hilo halikuambii lolote kuhusu usalama wake. Tarehe 26 Juni 2013 Tor Project walitoa toleo lililoziba upenyo mmoja uliokuwa ndani ya Firefox, maana Tor Browser imejengwa juu ya Firefox. Mwanzoni mwa Agosti mwaka uleule, kurasa zilizokuwa zimehifadhiwa na mwenyeji mmoja (anayewawekea wengine tovuti kwenye seva zake) ndani ya mtandao wa Tor zilianza kutoa msimbo wa siri uliopitia upenyo huohuo. Aliyefungua ukurasa akiwa na Windows na toleo la zamani, kompyuta yake ilituma kimyakimya anwani yake halisi kwenye seva iliyo nje ya Tor, na yeye hakuona mabadiliko yoyote kwenye skrini. Baadaye FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikiri mahakamani kwamba kazi ile ilikuwa yao. Walengwa wakuu walikuwa wahalifu wa picha za unyanyasaji wa watoto, na kwa hao sina huruma. Lakini kwa mwenyeji huyohuyo ilikuwapo pia huduma ya barua pepe, TorMail, iliyotumiwa na watu wa kila namna. Ambaye alikuwa amesasisha mwisho wa Juni, msimbo ule haukumfanya kitu.

Siku hizo kivinjari hakikuweza kujisasisha. Kilikuonyesha onyo tu, kisha ukaenda mwenyewe kupakua upya. Uwezo wa kujisasisha uliingia na toleo la 4.0, Oktoba 2014. Ujumbe unaoupitisha kila asubuhi ni kazi iliyofanywa ili yaliyowapata wale wa 2013 yasikupate wewe.

Na toleo huchakaa hata likiachwa bila kuguswa. Mei 2019 cheti kimoja cha Firefox kiliisha muda wake, na ghafla ile programu ndogo ya NoScript, ambayo Tor Browser huitegemea kuzuia misimbo ya kurasa, ikazimika kwenye vivinjari vya watu dunia nzima. Hakuna aliyeshambulia mtu, tarehe tu ilipita. Dawa ikaja kwa sasisho.

Kuhusu bando, wengi hawajui kwamba anayesasisha kila mara hupakua vipande vilivyobadilika tu. Ukishaacha matoleo mengi yakupite, kivinjari hakina budi kupakua kifurushi kizima, na hicho ni kama megabaiti 100. Kwa hivyo anayeahirisha ili kuokoa bando ndiye anayelipa zaidi mwishoni. Njia nyingine ni kushirikiana pale kazini. Mmoja apakue faili pamoja na faili yake ndogo ya saini inayoishia na .asc, kisha wengine wachukue zote mbili kwa flashi, na kila mmoja azihakiki mwenyewe kwenye mashine yake kwa programu ya GPG. Usiukubali ufunguo wa kuhakikia kwa flashi ileile. Uchukue mwenyewe kwenye tovuti ya Tor Project, na alama yake ya utambulisho isomeke hivi: EF6E 286D DA85 EA2A 4BA7 DE68 4E2C 6E87 9329 8290. Ukihakiki utaona maneno Good signature, na chini yake onyo kwamba ufunguo huo haujathibitishwa na mtu unayemwamini. Onyo hilo huwatisha wengi. Lina maana tu kwamba hujaiambia kompyuta yako kuwa unauamini ufunguo, na ndiyo sababu nimekupa alama uilinganishe kwa macho yako. Ukiona BAD signature, futa faili hapohapo, hata kama aliyekupa ni ndugu yako wa tumbo moja.

Sasa hofu ya mwenzako. Hakusema upuuzi, na ningependa waandishi wote wangekuwa na wasiwasi wa aina hiyo. Sasisho ni programu ya mgeni inayoingia kwenye mashine yako na kupewa ruhusa zote. Lakini tazama watu wa Tor walivyolishughulikia.

Kwanza, kila sasisho limetiwa saini, na kivinjari chako kina ufunguo wa kuihakiki saini hiyo. Lisilo na saini sahihi hukataliwa kabla halijafunguliwa. Pili, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, Tor Browser ya kompyuta hupakua sasisho kupitia Tor yenyewe. Seva inayolitoa haijui kama anayeomba ni wewe wa Mkomani au mtu wa Brazil. Anayetaka kukutegea sasisho bovu wewe peke yako hawezi kukuchagua katika umati, itambidi awape wote, na akiwapa wote watu elfu wataliona. Tatu, tangu 2013 kivinjari hiki hujengwa kwa namna ambayo watu kadhaa, kila mmoja kwenye kompyuta yake, huanza na msimbo uleule na lazima wapate faili ileile, biti kwa biti. Hata afisa wa serikali akimbana mmoja wao aongeze kitu kwa siri, faili yake haitalingana na za wenzake na jambo litafichuka. Hiyo ina faida nyingine watu wasiyoifikiria: inawalinda wajenzi wenyewe, maana hakuna faida ya kumtesa mtu ambaye peke yake hawezi kukupa unachotaka.

Ni programu chache sana kwenye simu na kompyuta zetu zinazoweza kusema hayo yote matatu. Mwenzako akiogopa masasisho, aanze kuogopa zile nyingine.

Vituo navyo haviachwi. Kuna seva chache za usimamizi ambazo kila saa hupiga kura kuhusu vituo vipi vihesabiwe katika mtandao, na mwaka 2019 mamia ya vituo viliondolewa kwa sababu wenye navyo walikuwa wakiendesha matoleo yaliyokwisha kuachwa.

Lililobaki ni Windows 7, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tor Browser 14.0, iliyotoka Oktoba 2024, haifanyi kazi tena kwenye Windows 7 wala 8. Waliobaki nyuma walipewa toleo la 13.5 na viraka vya dharura kwa muda, lakini kwa kazi unayoifanya huko si mahali pa kukaa. Kama laptopu ina RAM ya GB 3 au zaidi, tafuta flashi ya GB 8 uweke Tails. Ni mfumo mzima unaoanzia kwenye flashi, unapitisha kila kitu kwenye Tor, na ukizima hauachi alama kwenye diski. Tangu Septemba 2024 Tails na Tor Project ni shirika moja. Usinunue laptopu mpya kabla hujaijaribu hiyo.

Hujambo, Fundi? Nina duka la nguo Malindi na wateja wangu wengi niko nao Telegram. Wakati wa mitihani ya KCSE mwaka 2023, na tena 2024, Telegram ilifungwa na biashara yangu ikalala. Ile mara ya pili kijana jirani alinirushia Tor Browser kwa WhatsApp, akasema ni mpya kuliko niliyokuwa nayo. Simu ikakataa kuiweka, ikisema inagongana na programu iliyopo. Akanambia nifute ya kwanza ndipo niweke yake. Nikasita mpaka leo. Je, nilikosea?

Sijambo, bwana. Hukukosea hata kidogo. Simu yako ilikuwa inakulinda.

Android hukumbuka programu ilitiwa saini na nani ilipowekwa mara ya kwanza. Ikija nyingine yenye jina lilelile lakini saini tofauti, simu hukataa kuiweka juu yake. Yaani aliyeitengeneza faili ya jirani yako si yule aliyetengeneza ile uliyokuwa nayo. Huenda kijana mwenyewe hana habari, kaipokea kwa mwenziwe naye kaipokea kwa mwingine. Lakini kufuta ya kwanza ili ya pili ipite ni kumwondoa mlinzi aliyeshaanza kupiga kelele.

Watu wamelizwa kwa njia hiyo. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya ESET ilifichua Tor Browser ya bandia iliyokuwa ikisambazwa kwa watumiaji wa Kirusi. Mtu akifungua tovuti iliyotegwa, alionyeshwa ujumbe kwamba kivinjari chake kimepitwa na wakati. Akibonyeza asasishe alipelekwa kwenye tovuti nyingine ya kupakulia. Moja ya tovuti za wezi hao iliitwa torproect, herufi j imeruka. Kivinjari alichopewa kilikuwa ni Tor Browser iliyochezewa, na wezi walikuwa wameuzima uwezo wake wa kujisasisha, ili isije ikapokea sasisho la kweli likawafuta. Kisha kikawa kinabadilisha anwani za malipo ya bitcoin kwenye kurasa fulani, na fedha za watu zikaenda kwa mwizi. Mwaka 2022 Kaspersky nao walieleza kisa kama hicho kwa watumiaji wa Kichina, linki ilikuwa chini ya video ya YouTube. Huko China tovuti ya Tor imefungwa, kwa hiyo mtu hana pa kulinganishia.

Hapo ndipo kufungia mtandao na kusasisha programu vinapokutana, na ndiyo sababu nakuomba usingoje Novemba ya mitihani. Anayefungia hutangulia kuziba tovuti ya kupakulia. Baadaye huziba vituo vya Tor vyenyewe, maana orodha yake iko hadharani. Tor wakajibu kwa madaraja, yaani vituo ambavyo havimo katika orodha, na wakayavisha mavazi: moja linaitwa obfs4, hufanya mawasiliano yaonekane kama takataka zisizo na umbo. Jingine ni Snowflake, linalofanana na simu ya video, lililoingia kwenye toleo la 10.5 mwaka 2021. Kisha anayefungia naye husoma. Desemba 2021 Urusi ilipoanza kuifungia Tor, waligundua alama ndogo sana katika namna Snowflake inavyoanzisha mazungumzo, wakaikata kwa alama hiyo. Mafundi wakaitafuta, wakaiondoa, wakatoa toleo jipya. Oktoba 2022 ikatokea Iran, wakati wa maandamano baada ya kifo cha Mahsa Amini: watumiaji wa Snowflake walikuwa wamefurika, mara wakaporomoka, kwa sababu ya alama nyingine. Dawa ikawa ileile, toleo jipya. Waliosasisha wakarudi hewani. Wasiosasisha walikaa wakidhani Tor imekufa.

Sasa mtu ambaye toleo lake la zamani haliunganishi tena, na hilo jipya linapatikana kwenye tovuti iliyofungwa, afanye nini? Usimwendee kijana wa WhatsApp. Andika barua pepe kwa gettor@torproject.org, utaje mfumo wa kifaa chako, utajibiwa na linki za mahali pengine ambako faili zimewekwa, mahali ambapo ni vigumu kupafunga bila kuumiza shughuli za watu wengi. Shirika la EFF la Marekani lina nakala ya tovuti nzima kwenye tor.eff.org. Ukikosa madaraja, andika kwa bridges@torproject.org ukitumia Gmail au Riseup, kwani hizo mbili tu ndizo wanazojibu.

Kwako wewe Malindi, leo ambapo hakuna kilichofungwa, chukua Tor Browser kwenye Play Store na uache simu iisasishe. Kumbuka tu kwamba kwenye Android kivinjari hiki hakijisasishi chenyewe kama cha kompyuta. Ukiweka faili ya APK, yaani faili ya programu ya Android, kwa mkono, kila toleo jipya utalitafuta kwa mkono. Na ndiyo, Telegram ya ndani ya kivinjari ingefunguka. Ukitaka programu yenyewe ya Telegram ipite kwenye Tor, weka Orbot, programu inayopitisha programu nyingine za simu kwenye Tor, kisha ichague Telegram katika orodha yake. Itakuwa polepole, picha za madera zitachukua muda kupanda, lakini maagizo ya wateja yatafika.

Shikamoo, Fundi. Mimi ni mama wa Faza, binti yangu ameolewa Tanga. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa kule, tulipotezana kabisa siku kadhaa, intaneti yote ilizimwa. Nilikuwa nalia usiku na mchana. Hiyo Tor ingenisaidia?

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Hapana, isingekusaidia. Tor huhitaji njia ya intaneti ya kupitia, hata iwe nyembamba namna gani. Ikifungiwa tovuti moja au programu moja, kama mtandao wa X (zamani Twitter) ulivyofungiwa Tanzania Mei ile ya 2025, njia za kuzunguka zipo. Ikizimwa intaneti yenyewe, hakuna daraja litakalofika. Siku kama zile ni simu ya kawaida na SMS, pale zinapoachwa zifanye kazi, kwa hiyo muwe na namba za majirani wawili watatu wa binti yako zilizoandikwa kwenye karatasi.

Na umwambie hili: Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN, yaani programu za kupitisha intaneti kwa njia iliyofichwa, wajisajili. Kabla hajaweka chochote cha namna hii kwenye simu yake, aulize kwanza kwa mtu anayeijua sheria ya kule. Mimi niko Lamu, sitamtuma mtoto wa mwenzangu kwenye hatari nisiyoibeba mimi.

Fundi, mimi ni mwanafunzi Malindi. Nimesikia mtu anaweza kuwasaidia watu wa nchi zilizofungiwa bila kuwa na seva. Ni kweli, na je, nitashtakiwa kwa watakayoyafanya?

Ni kweli, kijana wangu, na umenifurahisha kuuliza. Weka programu-jalizi ya Snowflake kwenye Firefox au Chrome yako. Kivinjari chako kikiwa wazi, mtu aliyefungiwa ataunganishwa nawe kwa muda, na wewe utamvusha mpaka kwenye mtandao wa Tor. Wewe si kituo cha mwisho. Tovuti anazozifungua zitaona anwani ya kituo cha mwisho, hazitaiona yako, kwa hiyo hutabandikwa matendo yake.

Uzuri wake ni kwamba watu kama wewe wakiwa maelfu, wakifungua na kufunga laptopu zao muda wowote, anayefungia hana orodha ya kudumu ya kuziba. Usiiwashe kwenye bando la simu, itakula data yako bila wewe kuona. Kama utatumia Wi-Fi ya chuo, omba ruhusa kwa msimamizi wa mtandao kwanza. Na ikiomba sasisho, isasishe siku hiyohiyo, kwa sababu alama ikigunduliwa na kuondolewa, huenda dawa ikahitajika upande wako pia, si upande wa yule unayemvusha tu.